Kifungua Mimba wa Bwana Pamba

Macho ya mama yangu yana rangi ya majani ya chai yaliyokauka, na macho hayo yamemponza maisha yake yote. Kule kwetu Kongo, katika bonde la Ruzizi, wenye adabu walimwita mulatre, yaani chotara. Wasio na adabu walimwita mtoto wa fimbo. Hapa Rubondo, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tunakoishi sasa, kuna majirani waliowahi kumjia kumwomba awasemee kwa wazungu, kana kwamba ana undugu nao. Mama huwajibu kwa Kiswahili chetu cha Kivu, "Mimi na wewe tuko mu mulolongo moja. Ungojee."

Baba yake alikuwa Mbelgiji, agronomi, yaani bwana shamba, wa serikali ya kikoloni, aliyewalazimisha watu wa bonde kulima pamba. Aliyelima vibaya alichapwa mbele ya mke wake. Watu walimwita Bwana Pamba, na jina lake la kweli hakuna aliyejishughulisha kulishika. Bibi yangu alipelekwa nyumbani kwake kwa amri ya chifu, akiwa bado msichana. Hakuulizwa. Wazungu walikuwa na neno kwa wanawake wa namna hiyo: menajere, yaani mtunza nyumba. Akaitunza nyumba, na humo akamzaa mama yangu, mtoto wa kwanza wa Bwana Pamba.

Mama alipofika miaka minne, habari ikaja kwamba mke wa ndoa anatoka Ulaya. Nyumba ikapakwa rangi. Kisha asubuhi moja likaja lori.

"Mama wangu alikuwa anatwanga," mama husimulia. "Akaacha mutwangio, akakimbia nyuma ya lori. Nilimuona mupaka pale vumbi ilimufunika."

Alipelekwa misheni, kwa masista. Bibi alitembea siku tatu kwenda kumwona, akasimama getini, akarudishwa. Alikwenda mara tatu. Mara ya nne hakwenda kwa sababu alikuwa amekwisha kufa. Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilikiona cheti ambacho mama alitoka nacho misheni baada ya uhuru, wazungu walipokimbia na kuwaacha wale wasichana. Kilisema: baba hajulikani, mama hajulikani. Mama hajulikani, naye alisimama getini mara tatu!

Siku hiyo nilijiapiza kwamba mtu yule atajulikana, awe hai au mfu. Sikumtafuta ili nimpende. Chuki yangu ilikuwa haina anwani, nami nilitaka kuipatia.

Njia ilifunguka tukiwa tayari wakimbizi, mimi nikiwa mshonaji wa sare za shule sokoni, mama akiwa mzee. Mtafiti mmoja aliyekuwa anakusanya habari za machotara wa wakati wa Wabelgiji alikuja Mbarara, akawaita watu kwenye ukumbi mmoja kule Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi. Mama alieleza habari za lori. Kisha akapewa kichupa cha plastiki, akaambiwa ateme mate ndani ili yapimwe vinasaba.

"Nilikatazwaka kutema mate mbele ya bazungu," akasema. "Leo banayaomba." Akatema mpaka kichupa kikajaa.

Miezi ikapita. Siku moja nikiwa katikati ya pindo la sketi, ujumbe wa mtafiti ukaingia kwenye simu yangu. Mate ya mama yalikuwa yamepata ndugu. Ni mwanamume, yuko Ubelgiji, wamechangia baba. Alizaliwa kule kule Ruzizi, katika nyumba ile ile iliyopakwa rangi, chini ya miaka miwili baada ya lori kuondoka. Niliacha mguu juu ya kikanyagio cha cherehani, sikumbuki kwa muda gani.

Binti wa mzee huyo ndiye aliyetuandikia kwanza, kwa Kifaransa, na michoro mingi ya maua na mioyo. Alikuwa mtu mzima wa rika langu. Akaniingiza katika kundi la simu la ukoo wao. Humo nikamwona Bwana Pamba kwa mara ya kwanza: Bwana Pamba na kofia, Bwana Pamba na mguu juu ya kiboko aliyekufa, Bwana Pamba na mke wake wa ndoa. "Babu yetu mpendwa," waliandika chini yake. "Alilipenda bara la Afrika."

Picha moja ilipigwa barazani. Nyuma ya kiti chake alisimama mwanamke mweusi mwenye sinia, kichwa kimekatwa na ukingo wa picha. Ilibaki mikono tu. Nikauliza huyu ni nani. Mdogo wake mama, baba wa yule binti, akajibu kwa neno moja: "Mtumishi."

Niliikuza picha nikampelekea mama. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho.

"Ni yeye," akasema mwisho. "Kidole hiki cha mwisho kilikuwaka kimepinda. Alinifungaka vifungo vya nguo nacho."

Kuanzia hapo chuki yangu ilipata anwani kamili, na mtaa, na namba ya nyumba.

Mwaka uliofuata yule binti akaandika kwamba anakuja Uganda kutazama sokwe wa milimani. Akipita Mbarara atakuwa na alasiri moja ya bure, angefurahi kutukumbatia. Nilimsomea mama. Akauliza, "Basokwe amebapatia siku ngapi?" Nikamwambia siku tatu. Akacheka kwa pua, akaniambia nimshonee kitenge kipya.

Tulikutana katika hoteli moja ya Mbarara yenye bustani. Mgeni wetu alilia papo hapo, akamkumbatia mama. Mama alisimama wima kama mlingoti mpaka alipoachiwa. Tulikaa, chai ikaletwa. Mgeni alisema nasi kwa Kifaransa kizuri, akampiga mama picha kwa upande, kwa mbele, na tena kwa upande. Kisha simu yake ikalia. Alikuwa baba yake. Akaanza kusema lugha yao wenyewe, Kiflemi, pale pale mezani, huku akitutabasamia. Mimi sikuambulia hata neno. Mama alikuwa anakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

Alipomaliza, mgeni akatoa bahasha mkobani.

"Ni jambo dogo la kiofisi," akasema. "Kwa ajili ya amani ya moyo wa baba yangu. Ni mzee. Mama atie saini hapa tu."

"Binti yangu atasoma kwanza," mama akamjibu. "Nyumbani."

"Lakini mimi naondoka kesho alfajiri."

"Basi utaondoka bila."

Mgeni alipotaka kulisukuma lile jambo tena, mama akaichukua bahasha, akainuka. Wakapeana mkono. Ndipo mama akamwambia sentensi moja fupi kwa sauti ya chini, na haikuwa ya Kifaransa wala ya Kiswahili. Mgeni wetu masikio yakamwiva mekundu. Mkobani mwake vitu vikamwagika chini kwenye majani, miwani, dawa ya mbu, tiketi, akapiga magoti kuviokota. Hatukumsaidia.

Nilimngoja mama mpaka tulipotoka nje ya geti.

"Umemwambia nini?"

"Alimuambia baba yake asiogope. Eti sisi ni batu ba chini, tutatia saini mbele ya chai kupoa. Akasema niko na pua ya babu yake, eti inatisha kuangalia." Mama akarekebisha kitenge begani. "Nikamuambia: pua hii ndiyo ilitangulia kuzaliwa."

"Na lugha hiyo ulijua lini? Miaka yote hii hukuwahi kuniambia."

"Masista balikuwaka banatupiga mu lugha ile. Miaka kumi. Utaisahau namna gani?"

Karatasi niliisoma siku hiyo hiyo, kwenye benchi la kibanda cha chai karibu na stendi ya magari. Ilimtaka mama atamke kwamba yeye, binti wa nje ya ndoa wa bwana fulani, na hapo jina la Bwana Pamba lilikuwa limeandikwa lote, na mji aliozaliwa, na kazi aliyofanya Kongo, hatadai kitu chochote kilichokuwa mali ya baba yake, leo wala milele. Chini, yule mdogo wake alikuwa ametangulia kutia saini. Niliisoma mara ya pili. Kwa miaka sabini na kitu hatukujua jina hilo; hata katika kundi lao la simu aliitwa babu tu. Lilifika kwetu siku walipotaka tuliachie.

Nilitaka kuichana. Mama akaushika mkono wangu na kuniambia tuipeleke kwanza kwa mtu wa sheria.

Kulikuwa na wakili pale mjini, mwanamke kijana ambaye niliwahi kumshonea gauni la sherehe. Aliiweka karatasi mezani, nikamfasiria mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye saini alininyamazisha kwa kiganja.

"Nyabo," akaniita kwa heshima ya huku, "ngoja. Huyu mzee amesaini mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na wakili wao ndiyo ameandika hapa kwamba huyu mama ni mtoto wa ule baba?"

"Ndiyo hivyo."

Akaegemea kiti akacheka, akacheka mpaka akavua miwani. "Basi hawa watu wamejifunga na kamba yao. Mama, wamekuomba usidai mali ya baba yako, kwa hiyo wamekubali ni baba yako. Usisaini kitu. Hii karatasi tunaituma kule kwao, kwa mahakama yao."

Mambo ya mahakama niliyaacha kwake na kwa mwenzake wa Ulaya. Mimi nilikuwa na langu. Niliingoja siku ya kuzaliwa ya huyo mdogo wake mama. Ilikuwa Jumapili, ukoo mzima umekusanyika, picha za meza zinamiminika katika kundi la simu: keki, mishumaa, wajukuu. Nilitoka kanisani, nikaketi kwenye kigoda mlangoni, nikatuma vitu vitatu. Kwanza karatasi yao, ukurasa wenye saini. Pili picha ya mikono na sinia. Tatu picha ya mama kwa upande, aliyoipiga mgeni wetu mwenyewe, pua ikionekana vizuri. Nikaandika kwa Kifaransa, bila kosa hata moja, maana nilikirudia mara nne: "Huyu mliyemwita mtumishi ni bibi yangu. Huyu ni kifungua mimba wa babu yenu mpendwa. Mzee wenu analijua hilo na amelitilia saini. Tunamtakia siku njema ya kuzaliwa."

Kisha nikawa natazama ni nani wamesoma. Majina yaliongezeka moja moja. Picha za keki zikakoma. Mtu mmoja akaondoka katika kundi. Kijana mmoja, mjukuu nadhani, akauliza, "Babu, ni kweli?" Nilisikia utamu mpaka kwenye fizi. Watu wa kanisa letu husema raha ya kulipiza kisasi huwa chungu baadaye. Mimi bado nangoja huo uchungu.

Kesho yake, saa za mchana, mzee alipiga simu. Alisema kwa Kifaransa, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, kwamba nimelivunja jina la baba yake mbele ya watoto. Kabla sijajibu, mama akaichukua simu mkononi mwangu. Nikabonyeza sauti ya nje.

"Ulizaliwa mu nyumba ile ya Ruzizi," akamwambia. "Ulikulia pale mupaka uhuru. Kiswahili unajua."

"Kidogo," mzee akajibu.

"Sema yenye unajua."

"Lete maji," akasema. "Upesi. Funga mulango. Toka."

"Na ingine?"

"Hamuna ingine."

"Ndiyo yale baba yako alimusemeshaka mama wangu. Sasa nitakufundisha neno moja. Yaya. Ndiyo namna mutoto anamuitaka dada yake mukubwa. Sema."

"Madame, mimi ni mzee, nina ugonjwa wa moyo," akarudi kwenye Kifaransa.

"Mimi ni muzee kukupita. Sema."

Tulisikia saa ya ukutani ikigonga nyumbani kwake, huko Ulaya. Kisha sauti ikaja, nyembamba, si ile ya kwanza.

"Yaya."

"Rudilia."

"Yaya."

Mama akaikata simu. Akaniomba maji, akanywa kikombe kizima, akasema ile sauti imemkumbusha mtoto aliyefungiwa nje ya mlango, na kwamba hakumwonea huruma.

Mahakama ilichukua zaidi ya mwaka. Wakili alituita Mbarara akatusomea: jina la baba limeandikwa kwenye cheti kipya cha mama, na jina la bibi pia, maana mama alishikilia kwamba bila la bibi hataki hata moja. Wakili akaeleza kwamba sasa mama ana haki ya kutumia jina la ukoo wa Bwana Pamba, ajaze tu fomu nyingine.

"Hapana," mama akasema. "Nilitaka liandikwe ju yake, hapana ju yangu."

Mdogo wake bado anapiga, kila Jumapili mchana. Wakati mwingine anaacha ujumbe wa sauti, na nimegundua kwamba anajifunza Kiswahili mahali fulani, maana maneno yameongezeka. Mama huitazama simu inavyolia, anaendelea kuchambua maharage. Nimemwambia akichoka kuisikia, nitampokelea mimi. Nina mengi ya kumwambia.