Karibu ya Hamadi

Anayetaka kucheka na acheke, lakini akachekee mbali na baraza yangu. Haya sikuhadithiwa. Nimeyaona kwa macho yangu katika msitu wa Ngezi, huku Pemba, kabla ya vita vya pili, jua likiwa utosini.

Tulikuwa tukipasua mbao za mvule, mimi na shemegi yangu Hamadi, mume wa dada yangu. Alizitaka kwa milango ya nyumba yake mpya. Gogo tumeliweka juu ya shimo, mimi juu, yeye chini, msumeno katikati yetu. Wa chini haoni kitu ila unga wa mbao. Mvule ule ulikuwa makazi ya popo, wale wakubwa wenye sura za mbwa, na ulipoanguka walilia mpaka nikajuta. Hamadi akawacheka. "Watatafuta kwengine," akasema.

Msumeno unakwenda, mara nikasikia: "Hodi."

Nikageuka. Bibi kizee kajitanda kaniki nyeusi, kasimama ukingoni mwa shimo. Niamini, kaniki ile ilikuwa na mishipa, na mishipa inapiga. Sisi tunajua, msituni hodi haijibiwi mpaka mtu ajitaje. Lakini Hamadi yumo shimoni, haoni. Na Mpemba gani atasikia hodi anyamaze?

"Karibu, karibu," akajibu.

"Nishakaribia," akasema yule bibi. "Si umenivunjia kwangu?" Akanitazama kwa chuki. Nilipofumba jicho na kufumbua, hayupo.

Jioni tulikuta popo wamening'inia kwenye boriti zote za nyumba ya Hamadi. Dada yangu yuko uani analia. Tukasoma dua, tukafukiza ubani, tukawapiga kwa fito. Hawakutoka. Dada akarudi kwetu, na ndoa ikaishia hapo.

Hamadi alikataa kuhama. "Nyumba nimejenga mimi," akasema. Lakini tangu siku ile hakuweza kuvuka kizingiti chake bila kubisha. Nilikwenda kumtazama mara moja tu. Nilimkuta mlangoni pake, kavua makubadhi, anapiga hodi kama mgeni. Alikuwa akiishi peke yake.

"Karibu," sauti ya kike ikajibu kutoka ndani, kwa upole kabisa.

Akaingia. Mimi sikukanyaga tena pale, hata alipokufa.

Wewe unayekwenda Ngezi na shoka begani, ukisikia hodi, uliza kwanza ni nani. Na kama umeshajibu, usije kwangu kuomba pa kulala. Sitakufungulia.