Mama Anarudi Alhamisi

Juzi, tulipokuwa tunapanga vitu vya marehemu baba nyumbani Mlandege, mama aliokota kaseti moja, akaigeuza kusoma karatasi yake.

Baba alipiga saksafoni kwenye bendi ya jazi. Nyimbo zake mwenyewe hazikuwa na maneno, kwa hiyo alizipa majina ya mambo ya nyumbani kwetu: "Chumvi Imezidi", "Shemeji Bado Yupo". Mambo hayo yalikuwa ya kweli, nami, nikiwa mtoto, nikaamini kila jina ni taarifa.

Kisha mama akaenda kwao Chimala baada ya ugomvi ambao sikuelezwa. Baba akatunga wimbo mpya, akaandika kwa penseli kwenye karatasi ya kaseti: "Mama Anarudi Alhamisi".

Alhamisi mchana nilioga, nikajipaka mafuta, nikakaa mlangoni. Jikoni viazi viliungua na harufu ikajaa nyumba nzima, lakini baba aliendelea kuurudia wimbo ule. Jua likapoa, baridi ikaanza kuniuma vidole.

"Baba, mbona haji?"

Alitoa saksafoni mdomoni, akaitazama miguu yangu iliyong'aa kwa mafuta. Akachukua penseli, akakata neno moja, akaandika jingine.

"Nilikosea jina, mwanangu. Ni Ijumaa."

Nilimwamini. Kesho yake akakosea tena, na keshokutwa yake. Niliona tu kwamba baba hajui siku.

Kwenye kaseti aliyoshika mama, siku sita zilikuwa zimekatwa, Alhamisi hadi Jumanne. Mama alizipitia kwa kidole.

"Kwani mimi nilirudi lini?"

"Jumatano," nilimjibu. Siku hiyo baba hakuwa ameandika kitu.