Vituta vya Makanyagio

Siku ile naikumbuka kama ya jana, mwanangu. Mvua ya kwanza ya msimu ilinyesha tangu alfajiri, nami nimesimama Makanyagio, mtaa wetu wa Mpanda, pembeni ya mashimo ya matofali, natazama kazi yetu ya kiangazi kizima ikigeuka uji. Nilikuwa binti bado, sijaolewa. Lakini ngoja nirudi nyuma kidogo, nisije nikakuchanganya.

Miaka ile ya tisini Mpanda ulikuwa mji wa baiskeli. Hizi bodaboda mnazopanda nyie zilikuwa hazijazaliwa. Mchele, mkaa, mgonjwa, hata bibi harusi, wote walibebwa na baiskeli. Mimi nilikuwa na ya marehemu baba, nzito kama jiwe la kusagia, nikipelekea mahindi mashineni. Wapo waliosema mwanamke hapandi baiskeli. Mama yangu akawajibu, "Basi njooni mumbebee gunia."

Jioni vijana tulikuwa tukishindana barabarani, mpaka siku mama mmoja mjamzito aliyetoka sokoni alipogongwa na mmoja wetu. Alipona, na mtoto akazaliwa salama, Mungu ni mwema, lakini mtaa ulikasirika, na ulikuwa na haki. Kwenye mkutano wengine wakataka tunyang'anywe baiskeli zote. Ndipo akasimama Ndayizeye.

Huyu alikuwa kijana wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, wa familia iliyotoka Burundi, akifyatua matofali pale Makanyagio. Ndiye aliyegundua, katika kushuka na kupanda mashimo ya udongo, kwamba ukiteremka kituta ukaikandamiza baiskeli kwa mikono na miguu, kisha ukipanda kinachofuata ukajifanya mwepesi, inakwenda yenyewe bila kukanyaga pedali. Akasema, "Wazee wetu, tupeni yale mashimo yaliyoachwa. Tutajenga njia ya duara yenye vituta, tuchezee kule. Barabarani hamtatuona."

Mtu akapaza sauti nyuma: "Mkimbizi anaomba ardhi!" Watu wakacheka. Ndayizeye hakuketi. Mwenyekiti wa mtaa, mtu wa maneno machache, akasubiri kicheko kiishe. "Jengeni," akasema. "Mvua zikiisha vituta vimesimama, uwanja ni wenu. Vikianguka, tutajenga vibanda vya biashara."

Tukachimba kwa majembe, tukabeba udongo kwa makarai, wavulana na sisi wasichana wachache. Bandu bandu huisha gogo. Kituta kikafuatwa na kituta. Tatizo likawa njia ya ng'ombe iliyokatiza katikati. Mzee Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia kwetu na mifugo yake, alikuwa akiwapitisha pale kwenda mtoni. Sisi tukarundika udongo, tukaiziba. Akaja.

"Nyie watoto, mmefunga njia."

"Hii ni ardhi ya mtaa, mzee," Ndayizeye akamjibu. "Ng'ombe wazunguke."

Mzee akatutazama mmoja mmoja. "Haya. Watazunguka." Akaondoka, nasi tukadhani tumeshinda.

Basi ile mvua ya kwanza ikaja. Maji yakateremka kutoka juu, yakafika pale tulipoziba, yakajaa kama bwawa, kisha yakapasua na kubeba karibu nusu ya uwanja. Waliopita walitunyooshea vidole wakiulizana nani atapata kibanda cha kona. Ndayizeye akakaa juu ya karai lake akalia, na hakuwa mtu wa kulia. "Sasa watasema mkimbizi kashindwa," akasema.

Nikawaambia wenzangu twende kwa Mzee Masanja, maana yeye anaijua ile ardhi. Wakakataa. "Twende tukachekwe?" Nikapanda baiskeli, nikaenda peke yangu. Nilimkuta zizini.

"Mwangaluka, baba," nikamsalimu kwa Kisukuma changu cha sokoni. Akatabasamu, akanipa kigoda. Nilipomweleza, tabasamu likaisha.

"Binti yangu, ile njia sikuichora mimi. Niliikuta maji yakipita, nami nikapitisha ng'ombe palepale. Maji hufuata mkondo. Nyie hamkupigana na Masanja, mmepigana na mvua. Mbona hamkuuliza?"

"Tulidhani hupendi uwanja wetu, baba."

"Mimi nilipofika hapa niliitwa mvamizi. Yule mwenzenu anaitwa mkimbizi. Sasa mgeni akimfungia mgeni njia, huyo mwenyeji tutamlaumu kwa lipi?" Akatikisa kichwa. "Mwambie aje mwenyewe. Na aje na jembe, pole peke yake haizibui mtaro."

Nikampelekea Ndayizeye maneno hayo, mwanangu. Kuomba radhi ni mfupa mgumu kumeza. Lakini alikwenda, akavua kofia mbele ya mzee, akasema, "Baba, nilikukosea heshima." Mzee akamjibu, "Yameisha. Shika jembe."

Tukaifungua njia, tukachimba mtaro wa maji, tukatandika magogo juu yake ili baiskeli zipite. Vituta tukavijenga upya kwa udongo wa kufinyanga uliochanganywa na pumba za mpunga, kama wafanyavyo wafyatua matofali wa Katumba. Kisha Mzee Masanja akaleta ng'ombe wake, akawazungusha juu ya udongo ule mbichi, wakaushindilia kwa kwato. Watu walikuja kucheka. Nikamwona mmoja anavua viatu, halafu mwingine, mwishowe hata yule aliyepiga kelele mkutanoni alikuwa amebeba karai.

Mvua zote tulivilinda vituta vyetu. Ikikatika tu, tunakimbia kuziba nyufa. Mvua zilipoisha, mwenyekiti akaja, akauzunguka uwanja akikipiga kila kituta kwa kisigino. Akarudi alipoanzia, akasema, "Leteni baiskeli."

Ndayizeye akanishika bega. "Nenda wewe. Sisi tuliogopa kuchekwa, wewe ukaenda."

Mwanangu, nilizunguka duara zima bila kukanyaga pedali hata mara moja. Nilimsikia mama akipiga vigelegele, na Mzee Masanja akipiga kelele za Kisukuma ambazo mpaka leo sijui maana yake. Baadaye, msimu wa mavuno, vijana wa vijiji vya Mamba na Kibaoni walikuwa wakija juu ya malori ya mpunga kushindana nasi. Ndayizeye hakuitwa tena mkimbizi, aliitwa Fundi. Na barabarani mama zetu walipita na mizigo yao kwa amani. Nikisema najivunia, usidhani ni majigambo ya uzee. Nilikuwepo, na mikono yangu imo katika udongo ule.

Kwa hiyo nisikilize. Ukitaka kulijengea eneo lako kitu, kwanza uliza nani anapita pale, na umuulize kabla hujashika jembe. Kuuliza si ujinga. Anayekupinga huenda ndiye anayejua usichokijua. Kazi ikibomoka, usikae na aibu nyumbani; nenda kwa uliyemkosea, umwite baba, umwambie kweli. Wala usimpime mtu kwa alikotoka.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe majirani wa kukuambia ukweli na moyo wa kuupokea. Akujalie siku moja usimame katikati ya watu wako, utazame mbele yako, useme bila hofu: hiki tulijenga sisi.