Siku Isiyo na Faini

Dalali nilimkaribisha mwenyewe. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani alivunja kitasa. Alibisha saa nne asubuhi, pale ninapoishi ughaibuni, Toongabbie, nikiwa nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee nilikofanya kazi, macho yamevimba, leso kiunoni. Mlangoni alisimama mzungu wa makamo mwenye shati la buluu na beji kifuani. Alitaja jina langu lote, hata lile la katikati ambalo hakuna alitumiaye ila marehemu mama yangu na watu wa uhamiaji. Akasema ametumwa na sherifu, afisa wa mahakama anayekusanya madeni, kuhusu faini za kuegesha gari ambazo hazijalipwa.

"Come in, come in," nikamwambia. "Karibu."

Kwetu mgeni hasimamishwi mlangoni, hata akiwa amekuja kukudai. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo tulivyofunzwa, na hakuna aliyetufunza kwamba kuna mgeni ambaye akiingia ni mwenyeji anayeugua. Nilimketisha kwenye kochi, nikabandika chai ya tangawizi, nikapasha mandazi. Alisema asante, hahitaji. Nikamwekea hivyo hivyo. Alikunywa nusu kikombe kwa adabu, akafuta vidole, kisha akatoa karatasi zake akaanza kuorodhesha vitu vyangu.

Alianza na televisheni, akaja kwenye kochi alilokuwa amekalia, halafu kabati la vioo. Gari lenyewe halikuwepo, lilikuwa limekufa mwaka uliotangulia nikaliuza kwa watu wa vyuma chakavu. Nilimfuata nyuma nikiwa natabasamu kama mjinga, kwa sababu nilidhani anafanya hesabu tu, kama watu wa sensa. Ndipo akafika chini ya dirisha akafunua kitambaa.

Chini ya kitambaa kulikuwa na cherehani ya chuma, nyeusi, ya kukanyaga kwa miguu, ina maua ya dhahabu ubavuni. Uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza. Akasema siku hizi watu hununua vitu vya kale kama hivi kwa bei nzuri.

"Hiyo si yangu," nikasema.

"Ni ya nani?"

"Ni amana."

Nilimweleza kwa Kiingereza changu chote kwamba mtu ameniwekea. Aliuliza kama nina risiti au barua yoyote. Risiti ya amana! Nani hupewa risiti ya amana? Akauliza kama naitumia kwa kazi, maana vifaa vya kazi vina kinga yake kwenye sheria, na hata vitanda na nguo na vyombo vya kupikia havigusi. Ningeweza kudanganya. Nilimwambia ukweli, kwamba siwezi kushona hata kifungo. Akaiandika. Akasema nisiuze wala kuhamisha kitu chochote kwenye orodha ile, atarudi baada ya wiki mbili, na kama cherehani ni ya mtu mwingine basi mwenyewe ajitokeze adai kwa maandishi. Akanishukuru kwa chai. Alipoondoka nilikaa sakafuni kando ya cherehani nikalia mpaka kwikwi.

Cherehani ilikuwa ya rafiki yangu. Yeye alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mimi Mkenya wa Nakuru, na tulikutana Fairfield miaka ya kwanza kabisa, kwenye foleni ya ofisi ya kusaidia wageni, kila mmoja akimsikia mwenzake anasonya kwa Kiswahili. Aliinunua cherehani ile sokoni Fairfield kwa fedha zake za kwanza za kazi ya ghalani, na ikashona nguo za kila harusi ya Wakongomani iliyofanyika upande wetu wa jiji. Alikuwa na binti mmoja tu, anasomea uuguzi Brisbane. Alipokuwa anakufa aliniambia, "Masini ni ya mtoto. Akipata nyumba yake, umupatie." Nikasema ndiyo. Neno hilo moja ndilo risiti yangu.

Na faini nazo zilitoka kwake, kama mtu anaweza kusema hivyo bila kumtukana marehemu. Alilazwa wiki tano kwa ugonjwa wa moyo. Kuegesha ndani ya hospitali kulikuwa na bei ya kumtoa mtu roho kabla ya ugonjwa wake, kwa hiyo niliegesha barabarani, mahali palipoandikwa saa mbili tu. Nilikuwa nafika asubuhi baada ya zamu. Saa mbili zikiisha nainuka nikahamishe gari, naye ananishika mkono wa sweta.

"Uache gari," ananiambia. "Gari haina roho."

Basi nakaa. Nikitoka jioni nakuta karatasi imebanwa chini ya waipa. Nilikusanya karatasi hizo kwenye mfuko wa plastiki, nikijiambia nitazishughulikia akipona. Baadaye nikajiambia nitazishughulikia baada ya maziko. Kisha nikahama Fairfield, nikauweka ule mfuko juu ya kabati, na wala sikukumbuka kuwaambia watu wa leseni kwamba nina anwani mpya. Barua za onyo zilikwenda kwenye nyumba ya zamani mwaka mzima. Huo ni uzembe wangu, simsingizii mtu.

Lakini kuna jambo jingine tulilofanya wiki zile, mimi na mgonjwa, na hilo ndilo lililoninyima usingizi baada ya dalali kuondoka. Binti alikuwa kwenye mitihani ya kumaliza. Mama yake aliniapisha nisimwambie. "Akijua ataacha masomo," alisema. "Umuambie niko na mafua." Nikakubali, maana ndivyo tunavyofanya, aliye mbali hatumpelekei habari ya kumvunja miguu. Binti alipopiga simu nilitoka nje ya wodi nikasema mama amelala. Mama yuko bafuni. Mama amekwenda kanisani, amesahau simu kwangu. Nilikuwa mwongo hodari, sauti haitetemeki hata kidogo. Mama alifariki Alhamisi. Mtihani wa mwisho ulikuwa Ijumaa. Mimi na wenzetu wa maziko tulimpigia alipotoka kwenye chumba cha mtihani, tukasema alishikwa ghafla, moyo. Hati ya kifo ilipotoka aliona ni Alhamisi, akalia sana, akatusamehe. Alijua tumemficha siku moja. Hakujua tumemficha wiki tano.

Siku tatu baada ya dalali nilipanda treni mpaka Fairfield kwa wakili wa bure. Alikuwa msichana mdogo mwenye viatu vya raba, akila tufaha lake huku anasoma karatasi zangu, nikafikiri nimepotea. Kumbe kichwa kimejaa. Kitu cha kwanza alichoniuliza ni dalali aliingiaje.

"Nilimkaribisha."

Aliacha kutafuna. Akaniambia kwa upole kwamba mtu yule hana ruhusa ya kuvunja mlango wa nyumba ya mtu kwa ajili ya deni la namna ile. Ningeweza kutoka, nikafunga mlango nyuma yangu, nikazungumza naye barazani, nikachukua karatasi, nikatafuta ushauri. Asingekasirika, amezoea. Nilimuuliza, yaani nimwache amesimama nje juani kama mwizi? Akasema ndiyo, kwa heshima zote. Sheria nzuri kabisa, na mimi niliichemshia tangawizi.

Deni lenyewe, alisema, lisinitishe. Kwa mtu wa kipato changu kuna mpango wa kulipa kidogo kidogo, au kulimaliza kwa kazi ya kujitolea, na yeye angeniombea. Cherehani ndiyo ilikuwa shida. Orodha ilikwisha kuandikwa, na kuiondoa humo kulihitaji mwenyewe aape kwa maandishi mbele ya shahidi wa viapo kwamba ni mali yake.

"Mtumie karatasi zote," akasema. "Lazima ajue anaapa kuhusu nini."

Karatasi zote. Ukurasa wa pili wa zile karatasi ulikuwa na orodha ya faini: tarehe, saa, jina la barabara. Barabara ilikuwa moja kuanzia juu mpaka chini, na mtoto yule sasa alikuwa muuguzi, anajua hospitali zilipo. Nilimuuliza wakili kama ukurasa wa pili ni wa lazima. Akanitazama. Nikasema basi.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa imefika mbali kiasi kwamba nilidhani imenisahau. Usiku kucha nilipima. Nikinyamaza, dalali anabeba cherehani, nami nimekula amana ya marehemu. Nikisema, nakuwa nimevunja kiapo cha marehemu huyo huyo, na mtoto ananipoteza, maana mimi ndiye mama pekee aliyebakiwa naye. Nilimlaumu rafiki yangu kwa sauti, peke yangu jikoni. Nilimwambia umekufa umeniachia mzigo wa chuma na mzigo wa maneno, nibebe upi?

Nilimpigia binti. Nilimwambia habari ya sherifu tu. Akasema hataki kutuma karatasi, atakuja mwenyewe, ameshapanga nyumba na atachukua cherehani ya mama.

Alifika Jumamosi. Nilimpokea stesheni ya Toongabbie, mrefu kama mama yake, begi moja mgongoni. Huyu mtoto anasikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, tangu utoto. Njia nzima alinitania, eti nimeiba magari mangapi mpaka sherifu ananifuata. Nilicheka.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani. Alifungua kidroo chake akatoa kete ya uzi na kipande cha chaki ya fundi, akakinusa. Nikaweka karatasi mezani, nikaenda jikoni kuangalia chai ambayo haikuhitaji kuangaliwa.

Alisoma muda mrefu. Nilisikia ukurasa unageuzwa, kisha unarudishwa. Niliporudi alikuwa ametoa simu yake, anazipanga tarehe za faini na tarehe za simu alizokuwa akipiga. Faini zilikuwa kumi na moja. Nilisimama na sinia mkononi kama niliyefumaniwa.

"You said she was at church," akasema.

"Ndiyo."

"You said she was asleep."

"Aliniapisha," nikamwambia. "Alitaka umalize. Nikakubali, na nilikosea, na ningeombwa tena sijui kama ningekataa. Nisamehe au usinisamehe, lakini huo ndio ukweli."

Mficha maradhi kifo humuumbua, hivyo ndivyo wasemavyo, lakini sisi hata kifo hakikutuumbua. Ilibidi waje watu wa kuegesha magari. Alilia bila sauti, mkono juu ya gurudumu la cherehani, akilizungusha kidogo mbele na nyuma. Nilitaka kumgusa, nikaogopa.

Alipojifuta machozi alirudi kwenye karatasi. Alipitisha kidole kwenye tarehe moja moja, na usoni nikaona kitu kinalegea, kama mtu anayehesabu watoto wake jioni na kukuta wamo. Akauliza kama siku zote hizi nilishinda pale. Nikasema siku zote, tangu asubuhi mpaka jioni. Akaitikia kwa kichwa polepole. Kidole kikafika chini, kikasimama.

"Tantine," akasema, ndiyo shangazi kwao, na mara hii alisema Kiswahili, kile cha Bukavu, sauti ya mama yake kabisa. "Na ile siku alikufa? Alhamisi haiko hapa. Ulikuwaka wapi?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na uzoefu.

"Nilikuwa pale," nikasema. "Siku ile niliogopa faini nyingine. Nilitoka kwenda kuhamisha gari."

"Dakika ngapi?"

"Ishirini. Hakukuwa na nafasi, nilizunguka. Niliporudi alikuwa ameshakata roho."

Alizikunja karatasi akainuka. Tulikwenda maktaba ya mtaa, ambako shahidi wa viapo huhudumia watu, akaapa kwamba cherehani ni yake, akatia saini. Chai yangu hakuinywa, wala siku ile hakuniita tena Tantine.

Sherifu aliifuta cherehani kwenye orodha. Deni nililimaliza kwa kupika bure Jumamosi baada ya Jumamosi kwenye jiko la kulisha wasio na makao, na barua ikaja kusema faini zote kumi na moja zimefutwa na sidaiwi kitu. Niliisoma nimesimama mlangoni. Kama mtu angebisha siku hiyo na faini ya kumi na mbili, ya Alhamisi ile, ningemkaribisha ndani.