Mama Mizani na Neno la Pili

Jina lake halisi tulilisahau. Tulimwita Mama Mizani, kwa ile mizani ya kuning'iniza aliyoibeba begani miaka ishirini na sita. Kila njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, aliyeruhusiwa kutoka hospitali ya wilaya alikuwa wake kumfuata nyumbani. Siku ya tatu ungemwona anaingia uani, viatu mkononi kama njia ina tope. Anafunga kamba kwenye boriti, anamvua mtoto, anamtia kwenye mfuko wa kitambaa, anasubiri mshale utulie. Hapo ndipo alipouliza habari.

"Mbona huulizi kwanza?" nilimwambia siku moja. Ni jirani yangu, tunataniana.

"Nikiuliza wataniambia nzuri. Sisi hata nyumba ikiungua tunajibu nzuri, ila moto. Mimi nataka hiyo ila."

Mwaka juzi wakubwa waliamua miguu imepitwa na wakati. Mizani ikatiwa stoo, naye akaambiwa apumzike, asiingie tena kwenye nyumba za watu bila kutumwa. Hospitalini akawekwa binti mwenye simu na orodha. Anapiga, anauliza, anaweka alama, anakata. Vijiji kumi vinakwisha kabla ya chai ya saa nne. Haraka haraka haina baraka, lakini methali nazo zimestaafishwa.

Mwezi wa pili mwaka huu, mke wa fundi baiskeli alijifungua mtoto wa kike wa miezi saba. Walimruhusu na kilo moja na gramu mia nane. Mama Mizani alizisikia habari hizo kwenye foleni ya mashine ya kusaga.

"Nani kamwona?" aliuliza.

"Wamepiga simu, mwenzangu. Hajambo. Wewe si ulishapumzishwa?"

Wakacheka. Akarudi na unga wake. Alikaa siku mbili nzima akikumbuka lile katazo. Siku ya tatu akaenda, na magoti yake mabovu, bila mizani. Nilimsindikiza.

Mama wa fundi alitupokea kwa furaha. "Karibuni! Mjukuu wangu kajaliwa upole. Halii kabisa! Angekuwa kama baba yake, majirani mngehama."

Mama Mizani hakucheka. Alimgeukia mzazi. "Kanyonya lini, mwanangu?"

"Akiamka namnyonyesha."

"Kaamka lini?"

Msichana akamtazama mama mkwe. "Jana mchana. Mama kasema usingizi ndio unamkuza."

"Njiti hana nguvu ya kudai. Anaamshwa kila baada ya saa tatu, akitaka asitake." Akampakata mtoto kwenye viganja, akafumba macho. "Huyu hafiki hata kilo na nusu."

Alimfunga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akakamua maziwa, akamnywesha kwa kijiko. Yakatoka pembeni mwa mdomo. Fundi alikimbia kutafuta gari. Mtoto alikata roho kabla hatujaliona geti la hospitali.

"Si tuliwapigia?" muuguzi aliuliza. "Mbona hamkusema?"

"Yule wa simu aliniuliza mtoto hajambo, nikasema hajambo," msichana alijibu. "Nilitaka kumwambia analala mno. Akakata."

Hakuna aliyemgombeza. Alijibu alivyofundishwa na mama yake, naye mama alivyofundishwa na bibi: wema kwanza, msiba baadaye. Zamani aliyeuliza alijua kungoja.

Siku ya tisa ya msiba tulikuwa tumekaa uani kwa fundi, watu wachache, baiskeli zimelazwa ukutani. Simu yake ikaita. Akaiweka sikioni, na sauti ya yule binti tuliisikia sote.

"Habari za mama na mtoto?"

"Nzuri," fundi alisema. "Ila..."

Ikakatika. Akapiga namba ile mara tatu. Ni namba ya kupiga tu, haipokei.

Mama Mizani akainuka, akashika ukuta mpaka magoti yakanyooka.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kuwapelekea ila yao. Na kumwambia mtu kwamba nilingoja siku mbili."

"Hakuna anayekudai hilo."

"Ndiyo maana nakwenda mwenyewe."

Alirudi jioni, miguu imevimba. Yule binti alikuwa ameshatoka kazini. Mlinzi alimwambia orodha iko kwenye kompyuta, na kompyuta imefungwa. Kama ana malalamiko aandike barua. Akaomba basi aione mizani yake. Stoo nayo ilikuwa imefungwa.

Nilimwandikia hiyo barua. Mvua zimekuja na kupita, hatujajibiwa. Kwenye orodha yao mtoto wa fundi bado hajambo.