Baba Atabiri Hoki ya Barafu

Baba alikuwa golikipa wa hoki, ile inayochezwa kwenye kiwanja cha murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, enzi ambazo shirika la reli lilikuwa na timu na timu ilikuwa na soksi. Nilipoanza kazi yangu ya kupiga taipu mjini, yeye alikuwa ameshapunguzwa kazini. Alishinda kibarazani kwetu Makongeni akikosoa watu jinsi wanavyotembea. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamwamsha asubuhi: mtaa ulitafuta kocha wa vijana wa hoki, na aliitaka nafasi hiyo kuliko alivyowahi kututakia sisi watoto wake jambo lolote.

Mwenyekiti wa timu alikuwa akisitasita. Alisema mzee amepitwa na mchezo. Ndipo kaka yangu, aliyekuwa akisoma Kanada, akatuma kanda ya video: mechi ya kufungua msimu wa hoki ya barafu, ya wachezaji wa kulipwa. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa na deki, kwa hiyo ikakubaliwa watu wakutane kwake Jumapili baada ya kanisa. Baba, bila kuulizwa na mtu, akatangaza kwamba atamtaja mshindi dakika tano tu baada ya mchezo kuanza. Anayeijua hoki, alisema, anaijua hata ikichezwa juu ya sabuni. Mwenyekiti akacheka, akasema sawa, hapo tutaona kama tuna kocha.

Barua zetu zilipitia sanduku la posta la ofisi yangu, kwa hiyo nilikuwa nimeisoma ya kaka kabla baba hajajua imefika. Aliandika kwamba wekundu waliwafunga weupe manne kwa moja. Chini akaongeza: mwambie mzee mapema, ajidai kidogo. Nikaichana barua hiyo chooni na kupeleka nyumbani kanda peke yake.

Niseme sababu, nisije nikaonekana mwenye kichaa. Baba alinitoa shule kidato cha pili ili kaka aendelee. Mimi nilikuwa wa pili darasani. Yeye alikuwa wa ishirini na ngapi sijui, na kalamu alikuwa anaazima kwangu.

Jumamosi jioni baba aliingia jikoni, mahali ambapo hakuwa akikanyaga. Akasimama karibu na jiko akijifanya anaota moto. Nilipewa jina la mama yake, na akitaka kitu aliniita hivyo.

"Mama, huyo kijana hakukuandikia nani alishinda?"

Nilimtazama mzee huyu aliyetufundisha kwa mshipi kwamba kudanganya ni dhambi, na nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi.

"Weupe," nikamwambia. "Waliwafunga mabao mengi." Nikaendelea kusonga ugali.

Jumapili sebule ya mwenyekiti ilijaa mpaka mlangoni. Kanda ile ya ng'ambo haikupatana na deki za kwetu, picha ikaja bila rangi, wekundu wakawa weusi. Hakuna aliyejali. Watu walishangaa wanaume wazima wanavyoteleza na kusukumana ukutani. Dakika ya tano baba akasimama, akavuta koti lake la kanisa, akasema weupe wanashinda. Hakuishia hapo. Alieleza golikipa wao anavyopiga magoti, mabeki wanavyofunga njia, na alieleza vizuri hata mwenyekiti akaanza kutikisa kichwa kukubali.

Bao la kwanza walifungwa weupe. Baba akasema subirini. La pili, akasema subirini. La tatu, akaketi. Kijana mmoja akauliza kwa sauti, "Mzee, hao weupe wako watakuja lini?" Sebule nzima ikaangua kicheko, na mimi nilicheka, nilicheka kupita wote. Baba aligeuka akaniangalia. Angeweza kusema ni mimi niliyemwambia, lakini angelazimika kukiri kwamba aliuliza.

Mwenyekiti akamshukuru kwa kuwaburudisha, kisha pale pale, soda zikigawiwa, akamtaja mwalimu mmoja wa shule ya msingi kuwa kocha. Baba akampigia makofi pamoja na wengine.

Tulirudi nyumbani. Nilimtengenezea chai. Alikunywa nusu ndipo akauliza kama nilijua.

"Nilijua, Baba."

"Ni ile shule?"

Nikasema ndiyo, ni ile shule. Miaka yote nilikuwa nimejiandalia maneno ya siku hiyo, na sasa nilikuwa tayari kuyamwaga yote. Hakunipa nafasi. Alizungumza taratibu, bila hasira, kama mtu anayeniambia ni saa ngapi.

"Hata wakati ule nilitakiwa kuchagua mshindi," akasema. "Mmoja yuko Kanada. Mwingine yuko hapa ananidanganya kuhusu mpira. Nilikosea wapi?"

Akamaliza chai, akaninyooshea kikombe nikioshe. Nikakichukua, nikakiosha.