Mshonaji wa Mashine ya Mwisho

Mshonaji wa mashine ya mwisho katika kiwanda chetu cha mashati alikuwa na vidole vyenye sugu na sauti ya chini, kama mtu aliyekaa karibu na mgonjwa. Kola ya mwenzake ikipinda, alikuja bila kuitwa, akaifumua, akasema, “Taratibu, mdogo wangu, utaiweza,” kisha akarudi kwenye rundo lake, ambalo siku zote lilibaki kubwa kuliko yetu. Msimamizi alipotuuliza mmoja mmoja ni nani mzembe wa kuachishwa kazi, sote tulimtaja yeye, hata mimi. Yeye alipoulizwa alijibu, “Hapa hakuna mzembe, bosi.” Jioni alikabidhi mkasi, akaondoka. Wiki iliyofuata wateja walirudisha mashati mengi yenye kola zilizopinda. Msimamizi akapita tena na swali lile lile, na safari hii kila mmoja wetu alikuwa na jina la mwenzake tayari.